Mkimbiaji wa Mwisho

Tulipokimbia mbio ndefu za mjini Bariadi tulianza kwa pupa, kama ng'ombe walioona maji. Nusu ya njia misuli ikakaza. Wazee wakatupita, wakizungumza Kisukuma bila kuhema. Tulipofika mwisho, meza ya watunza muda ilikwisha kuondolewa. Alisalia mtoto mmoja wa shule, ameshika kopo la maji.

Tukinywa, tulimkumbuka Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa 57, yaani wa mwisho, Mexico City mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Waliobaki uwanjani walimshangilia.

Jumatatu, tukifundisha hesabu katika shule ya mazoezi, tulinyanyua kifutio kama ilivyo desturi yetu. Watoto watatu wa nyuma walikuwa bado wakinakili. Tukakirudisha mezani.