Ualimu ni Wito. Aliyeita ni Nani?

Lipo neno ambalo sisi walimu wa vyuo binafsi hulisikia kila malipo yanapochelewa: wito. "Ualimu ni wito," huambiwa kikaoni, kisha kikao hufungwa kwa sala. Ninafundisha Kiswahili katika chuo binafsi cha ualimu hapa Tanzania, na nimeshuhudia neno hilo zuri likigeuzwa kuwa kufuli la midomo.

Tuyatazame maneno yenyewe. Mshahara asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya mwezi. Ni ujira wa mwezi kwa mwezi. Ukija baada ya miezi mitatu, jina limebaki ila maana imetoroka. Kibarua ni barua ndogo: hapo kale, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonesha wakati wa kupokea ujira wake. Walimu wa muhula mmoja mmoja, ambao hufundisha kwa ahadi ya mdomo tu, hawana hata kikaratasi hicho.

Mwaka 1959, Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Walibainisha kwamba mambo yanayomridhisha mtu kazini, kama vile mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe, si yale yale yanayomkera, kama vile usimamizi mbaya na malipo duni. Ndiyo maana mwalimu aweza kuipenda kazi yake kwa dhati, na bado akaiacha. Wenzangu watatu waliondoka katika mwaka mmoja, wawili wakifuata ajira ya serikali yenye uhakika wa pensheni. Hakuna hata mmoja aliyechoka kufundisha.

Hasara yake niliiona katika darasa la ushairi. Wanafunzi walifundishwa vina na mwalimu wa kwanza, mizani na wa pili, uhakiki na mimi. Waliweza kuhesabu mizani 16 za mshororo bila kukosea. Walichokosa ni msomaji mmoja aliyeliona shairi lao la kwanza, akaliona na la kumi, akaweza kuwaambia wamekua wapi. Malenga halelewi na wapita njia.

Sikatai kwamba ualimu ni wito. Lakini wito umetokana na kuita, na hakuna wito usio na mwenye kuita. Katika adabu zetu, mtu akiitwa huitika "labeka", na aliyemwita huwajibika kumweleza alichomwitia na kumpa pa kukaa. Walimu tumekwisha kuitika. Mkataba ulioandikwa, mshahara wa mwezi ulipwao mwishoni mwa mwezi, na sauti katika maamuzi ya chuo: hayo si fadhila, ndiyo kiti cha mgeni aliyealikwa. Asiyepewa kiti husimama kwa muda, kisha huaga.