Mkasi na Hadithi

Kufupisha ni kazi ambayo kila mwanafunzi huifanya, lakini ni wachache waionao kuwa kazi ngumu. Mwalimu akupapo habari ya maneno 300 akakuagiza uiandike kwa maneno 80, huwezi kuipunguza bila ya kuihukumu. Huna budi kusema moyoni: hili ni shina, hili ni tawi, na hili ni jani tu. Mimi, msomaji wangu, nilidhani kuwa hukumu hiyo ni nyepesi, mpaka siku nilipofupisha hadithi ambayo haikuandikwa kwa wino bali kwa picha. Nataka kukusimulia habari hiyo, kwa sababu kosa nililolifanya ndani yake lilinifundisha zaidi ya mambo mengi niliyoyafanya sawasawa.

Nakaa Kiwanjani, katika mji wa Isiolo. Jina la mtaa wetu latokana na kiwanja cha ndege kilicho jirani yetu. Alfajiri, kabla mawingu hayajakusanyika, Mlima Kenya huonekana upande wa kusini. Mchana upepo huinua vumbi likaingia hata ndani ya sahani. Majirani zetu ni Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu, na Kiswahili ndicho mkeka tunaoukalia sote. Katika nyumba yangu nilikuwa nikimlea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka 11. Mama yake alikuwa amekwenda kufanya kazi katika nchi moja ya Ghuba. Aliondoka alfajiri, mtoto akiwa usingizini. Tangu siku ile, kila ndege ilipopita juu ya mabati yetu, mtoto alitoka nje akaitazama mpaka itue. Alijua vema kuwa ndege za Ghuba hutua Nairobi, wala si Isiolo. Lakini alitoka vilevile.

Kabla ya safari hiyo, mama na mwana walikuwa na desturi ya kutazama pamoja mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao The Flash, mama akimfasiria mwanawe maneno ya Kiingereza yaliyomshinda. Ni hadithi ya kijana Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi, aliyepigwa na radi usiku ambao mtambo mkubwa wa wanasayansi ulipasuka. Alizimia kwa miezi 9, na alipozinduka alikuta miguu yake ina mbio zisizo na mfano. Shujaa huyu alianza kuchorwa vitabuni mwaka 1956, na mfululizo ninaoutaja ulionyeshwa tangu 2014 hata 2023. Katika nyumba yetu tulimwita Mwendakasi.

Likizo ya Agosti ilipofika, nilitaka kumpa mtoto zawadi. Nikawaza: msimu wa kwanza una vipindi 23, na kila kimoja chapata dakika 42. Jumla yake ni dakika 966, yaani zaidi ya saa 16. Nikiutoa humo mchezo mmoja wa saa mbili, tutautazama jioni moja kama watu watazamavyo filamu. Fanya hesabu nawe utaona: katika kila dakika 8 niliruhusiwa kubakiza moja tu.

Usidhani kuwa kazi hii ni ngeni duniani. Bruce Lee, ambaye sura yake imepamba kuta za vibanda vingi vya video katika nchi zetu, aliigiza katika mfululizo wa The Green Hornet mwaka 1966 na 1967. Alipofariki mwaka 1973 jina lake lilikuwa limevuma, na mwaka uliofuata vipande vya mfululizo ule viliunganishwa vikauzwa kama filamu moja. Hiyo ilikuwa kazi ya wafanyabiashara. Baadaye watazamaji wenyewe walishika mkasi. Karibu na mwaka 2001 mhariri mmoja wa Marekani, Mike J. Nichols, aliikata upya filamu ya Star Wars iliyotolewa 1999, akaondoa karibu dakika 20 alizoziona kuwa mzigo, na nakala yake ikaenea kutoka mkono hata mkono. Nasi Afrika Mashariki tuna njia yetu ya kuifanya hadithi ya mbali iwe yetu: Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walijulikana kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hata mzee asiyejua neno la Kiingereza akacheka na kuhuzunika pamoja na wajukuu wake. Wao waliongeza sauti. Mimi nilikusudia kupunguza picha.

Nilianza na daftari, si na tarakilishi. Nilivitazama vipindi vyote 23, na kwa kila tukio niliandika mambo matatu: nini kimetokea, kimeletwa na nini, na kimeleta nini. Tukio lisiloleta lolote nililipigia mstari mwekundu. Kwa njia hii niliwaondoa adui wengi, maana aghalabu kila kipindi kilikuwa na mwovu wake, aliyeingia mwanzoni na kushindwa mwishoni. Nilikiondoa pia kipindi cha 8, ambamo Mwendakasi hukutana na shujaa mpiga mishale, kwa kuwa nusu ya kisa hicho imo katika mfululizo mwingine. Sokwe mwenye akili, Grodd, nilimbakiza kidogo kwa sababu ya mapenzi ya mpwa wangu.

Kisha nikaingia katika programu ya kuhariri video, na hapo nikagundua kuwa jicho husamehe kuliko sikio. Ukikata picha mahali pabaya, mtazamaji huenda asitambue. Lakini ukiukata muziki katikati, hata aliyekuwa akisinzia hushtuka. Mara nyingi ilinilazimu kuuacha muziki wa tukio moja uendelee chini ya tukio la pili, kama fundi anayekificha kiungo cha ubao kwa gundi. Stima ilipopotea nilingoja gizani, na iliporudi nilianza tena. Nilifanya hivyo kwa majuma matatu.

Sasa nifike mahali pa kosa langu. Katika hadithi hiyo, Barry alipokuwa na umri wa miaka 11, mama yake aliuawa usiku na mtu aliyevaa manjano na kuzungukwa na radi. Baba yake alishitakiwa bila ya hatia, akafungwa. Mwisho wa msimu, katika kipindi kilichoonyeshwa Mei 2015, Mwendakasi hukimbia hata akarudi nyuma katika wakati, usiku ule ule wa mauaji, ili amwokoe mama. Lakini hapo huiona nafsi yake nyingine, iliyotoka wakati ujao, ikimwashiria asiingilie. Hujificha nyuma ya mlango, na yote yakiisha humwendea mama anayekata roho, akafunua uso wake, akamwambia kuwa yeye ndiye mwanawe, na kwamba yeye na baba yake wako salama. Kisha humuaga.

Tukio hilo la kuagana ni la polepole. Nilipolipima kwa kipimo cha daftari langu, niliona kuwa haliongezi kitu: mama hakuokoka, na adui yu hai bado. Nikalikata. Mwendakasi wangu alikimbia, akafika, akaona, akarudi kupigana. Vivyo hivyo niliyakata mazungumzo yake na baba yake gerezani, ambako wawili hao hutazamana kupitia kioo. Filamu yangu ilipata saa 2 kamili, wala haikupoteza nukta. Nikajiona fundi.

Jioni ya maonyesho tulikaa sebuleni. Mtoto alifurahi, alimshangilia sokwe, alipiga makofi. Tulipofika mwisho alinyamaza. Picha ilipozimika aliniuliza:

"Mjomba, mbona hakumuaga?"

Nikamjibu, "Nimepunguza kidogo, mwanangu, ili isiwe ndefu."

Akasema, "Basi ungepunguza mapigano."

Alisema bila hasira, kisha akatoka nje. Hapakuwa na ndege angani saa ile.

Usiku huo sikupata usingizi, na nitakuambia kwa nini. Alfajiri ile ya safari ya dada yangu, mimi ndiye niliyemshauri asimwamshe mtoto. Nilimwambia, "Atalia, nawe utalia, na gari la Nairobi halingoji." Nilidhani nawafanyia hisani kwa kuufupisha uchungu. Mtoto aliamka akakuta leso ya mama imekunjwa juu ya kitanda, na mwenyewe hayupo. Kwa miezi mingi hakuniuliza neno. Niligundua basi kuwa mkasi niliotumia katika filamu haukuwa mpya. Niliwahi kuutumia nyumbani mwangu, na mahali pale pale.

Nikakumbuka hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913. Yeye naye alikuwa mfupishaji, maana aliziweka katika beti zaidi ya 200 habari zilizosimuliwa na watu wa pwani kwa karne nyingi. Lakini tazama alichokibakiza. Liyongo, jitu lenye nguvu, amefungwa gerezani, na walinzi hula kila chakula kizuri aletewacho. Anayemtoa ni mama yake: huoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake, na walinzi wakaudharau mkate wa makapi wakauacha upite. Liyongo anapouawa kwa sindano ya shaba na kufia karibu na kisima, watu huogopa kumkaribia, wakidhani yu hai na amekasirika. Anayekwenda kumsihi ni mama yake. Mhukumu mwenye daftari kama langu angeliona kuwa mkate ni jambo la jikoni, lisilofaa katika habari za mashujaa. Angeukata mkate, na Liyongo angelibaki gerezani mpaka leo.

Hapo nikafahamu kosa la kipimo changu. Nilikuwa nimeuliza kila tukio limeleta nini baada yake. Sikuuliza limebeba nini ndani yake. Mapigano husogeza hadithi mbele, lakini kuagana ndiko kunakotuambia kwa nini mtu alikimbia. Mwendakasi asiyemuaga mama yake ana miguu tu.

Asubuhi nilimwita mpwa wangu tukae pamoja mbele ya tarakilishi. Kabla ya kuifungua, nilimwambia kweli juu ya alfajiri ile, kuwa shauri lilikuwa langu wala si la mama yake. Alifikiri, kisha akauliza, "Alikuja chumbani?"

"Alikuja," nikasema. "Alisimama karibu na kitanda chako."

"Muda gani?"

Sikuwa nimehesabu. Nikasema labda dakika mbili.

"Dakika mbili si nyingi, mjomba," akasema, na sikuweza kujua kama alikuwa akinisamehe au akinishitaki. Yamkini alikuwa akifanya yote mawili.

Tulifanya kazi siku nne. Yeye ndiye aliyechagua la kutoa: mbio ndefu mbili, pigano moja nililolipenda mno, na, kwa kunishangaza, sokwe wake. Tulirudisha mazungumzo ya gerezani na tukarudisha kuagana kote, pamoja na ukimya wake. Filamu ya pili ilipata saa 2 na dakika 10. Ijumaa mama yake alipopiga simu, mtoto alimwomba amweleze mwenyewe alivyosimama pale kitandani. Mimi nilitoka nje nikawaacha, nikakaa chini ya mgunga mpaka giza likaingia.

Nakala ile haikutoka nyumbani mwetu. Kijana mmoja mwenye kibanda cha video aliiomba aionyeshe kwa kiingilio, nikamkatalia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuinakili na kuibadili, na nilijua kuwa hata ile ya kwetu haikuwa safi mbele yake. Nakuambia haya usije ukadhani kuwa ustadi wa kukata ni hati ya kumiliki. Ukitaka kujifunza mkasi, piga picha zako mwenyewe: nyanya yako akisuka, ng'ombe wakinywa maji, mpira wa jioni, kisha ufupishe saa moja yako iwe dakika tano. Somo ni lile lile.

Na siku utakapoketi tena mbele ya ufupisho darasani, msomaji wangu, usitafute kwanza la kukata. Soma mpaka ulijue lile ambalo likiondoka, yaliyobaki hayana haja ya kusemwa. Liwekee alama, kisha ndipo ushike mkasi. Watu husema haraka haraka haina baraka. Mimi nilihitaji shujaa mwenye mbio kuliko watu wote, na mtoto mmoja wa Kiwanjani, ili niyasikie maneno hayo niliyoyajua tangu utotoni.