Kazi za Mtoto wa Miaka Minne

Hapa kwetu Mbekenyera, ukitaja tiba kwa vitendo utaulizwa kwanza swali hili: mtoto wa miaka minne ana kazi gani hata atibiwe kwa kazi? Anazo nyingi. Kula ni kazi yake. Kunawa, kuvaa, kufinyanga udongo, kugombania gari la mabua na wenzake, zote hizo ni kazi zake, na ndizo zinazofundisha mikono, macho na akili kwenda pamoja. Mtaalamu wa tiba hii huangalia ni ipi kati ya kazi hizo inamshinda mtoto, na kwa sababu gani, kisha huigawa hatua ndogo ndogo mpaka aone pa kuanzia. Ndugu msomaji, mwalimu yeyote aliyepata kufundisha darasa la kwanza anaifahamu mbinu hiyo.

Fani yenyewe ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, wakati wa vita kuu, na majeruhi wa vita hiyo walikuwa miongoni mwa waliosaidiwa nayo. Hapa Tanzania wataalamu wake wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, na CCBRT ya Dar es Salaam huwahudumia watoto. Kwa mtu wa Ruangwa, kote huko ni mbali.

Jirani yangu ana mjukuu wa kike aliyechelewa kulia alipozaliwa. Ana mtindio wa ubongo: mikono imekakamaa, shingo haina nguvu. Bibi yake alikuwa akimlisha uji amelala chali, kwa mapenzi matupu, asijue kwamba mtoto wa namna hiyo akilishwa chali uji huweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Mama mtu akampeleka Dar es Salaam. Walirudi bila hata chupa moja ya dawa, na bibi akaja kwangu amekasirika.

"Mwalimu, fedha yote ya ufuta imekwishia kwenye nauli, wameniletea maneno!"

Nikamwambia, "Dada yangu, hebu tuyasikilize hayo maneno."

Yalikuwa maneno ya maana sana. Mtoto alishwe ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Atengenezewe kiti chenye egemeo, na kibao kidogo katikati ya mapaja cha kumzuia asiteleze. Mpini wa kijiko uzungushiwe mpira ili unenepe, kwa maana kiganja kilichokakamaa hakiwezi kushika kitu chembamba. Apewe karanga amenye, ajizoeze kutumia kidole gumba na cha shahada. Seremala wetu alitengeneza kiti kwa mabaki ya mbao, na mpira tuliukata kwenye tyubu ya baiskeli.

Bibi aliuliza atatembea lini. Sikumwahidi. Wapo wanaotembea na wapo wasiotembea kamwe, na si haki kumdanganya mtu mzima aliyekwisha kuuza ufuta wake. Nilimweleza jambo jingine. Mwaka 1977, wakati wa UPE, tulipita nyumba kwa nyumba tukiandikisha watoto, na watoto kama huyu aghalabu hawakutajwa kabisa. Siku hizi ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo inawapa haki ya shule. Lakini nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, najua kinachosemwa ofisini mzazi akishaondoka: nani atamlisha, nani atampeleka chooni? Mtoto anayejilisha mwenyewe na kuonyesha kwa ishara kwamba amebanwa, swali hilo amekwisha kulijibu nusu kabla hajafika mlangoni. Ndiyo maana mimi nakithamini kijiko kile kuliko hatua tano za kushikwa mkono.

Sasa mtoto huketi barazani na wenzake badala ya chumba cha ndani. Uji mwingi bado unaishia kwenye gauni, na bibi analalamikia sabuni. Juma lililopita alimenya karanga sita asubuhi moja. Nne akazila.