Mgongo wa Ngong na Wanaoupita

Kabla ya mitambo ya upepo, kabla ya pikipiki na baiskeli za milimani, njia ya juu ya Milima ya Ngong ilikuwa ya ng'ombe. Natangulia na hilo kwa sababu siku hizi, watu wanapozozana kule juu nani ampishe nani, kila mmoja huanza historia siku aliyofika yeye. Mwendesha pikipiki atakwambia alikuwa akipanda kabla geti halijawekwa. Mtembeaji atakwambia njia hii ni ya miguu tangu zamani. Wote wawili waliikuta imekwisha kukanyagwa na mifugo ya Wamaasai wa Ngong na Kiserian, ambao huvusha ng'ombe wao kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwingine wakifuata nyasi.

Asiyewahi kufika aelewe kwamba nafasi yenyewe ni finyu. Milima ya Ngong ni mgongo mmoja mrefu wenye vilele vinavyofuatana, kuanzia juu ya mji wa Ngong hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Kilele kirefu kuliko vyote kina mita 2,460. Mashariki unaiona Nairobi. Magharibi ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa, na mahali pengine mteremko ni mkali kiasi kwamba ukitoka njiani hupati pa kusimama. Kila kilele hukutelemsha kabla ya kukupandisha kingine. Humo katikati ya vilele ndimo watu hukutana: mmoja anashuka kwa kasi, mwingine anapanda akihema, na kijia hakitoshi ng'ombe watatu kwenda sambamba.

Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenipandisha huko mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya themanini. Wapandaji tulikuwa wachache. Wageni wengi wa wakati ule walikuja kwa ajili ya kaburi la mwindaji Mwingereza, Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1931 na kuzikwa kwenye miteremko ya mashariki. Filamu ya mwaka 1985 iliyomwonyesha ilikuwa imemfanya maarufu upya. Walilitazama kaburi, wakapiga picha, wakarudi mjini. Sisi tuliendelea juu. Mjomba alikuwa na desturi moja asiyoivunja: tukiona ng'ombe mbele, tunatoka njiani, tunasimama mahali mchungaji anapotuona, na mjomba anakuwa wa kwanza kusalimu, "Sopa!" Hatukusogea tena mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Nilipomuuliza kwa nini tusipite tu kando yao, alinijibu, "Mama, hapa ni uani kwa watu. Ukipita uani kwa mtu, unangoja."

Miaka iliyofuata iliiletea njia ile sifa mbaya. Majambazi walivizia watu kwenye mabonde yale yale ya kati ya vilele, na habari za walioporwa simu, viatu na hata jaketi zilienea Nairobi nzima. Wengi waliacha kupanda. Waliobaki tulienda kwa makundi, tukiwa na askari wa misitu mwenye bunduki anayetangulia na mwingine anayefunga safu. Ilikuwa huzuni kupanda mlima ukitazama kila kichaka kuliko unavyotazama bonde. Nasikitika ninapowasikia vijana wa leo wakisema enzi zile zilikuwa tamu kwa kuwa mlima ulikuwa mtupu. Utupu ule ndio uliowapa majambazi nafasi.

Pikipiki zilianza kuonekana kwa wingi katika miaka hiyo ya hofu. Si bodaboda, bali zile nyembamba, ndefu za miguu, zenye magurudumu ya meno, zilizotengenezwa kwa mawe na matope. Waendeshaji walikuja asubuhi za Jumapili wakiwa wamevaa helmeti na kinga za magoti, na kelele zao zilitangulia kabla hujawaona. Katika kundi letu walikuwepo waliowachukia kabisa. Walisema mlima umegeuzwa gereji. Mimi pia kelele ile sikuipenda na siipendi hadi leo. Lakini nakumbuka asubuhi moja ya ukungu mzito, tumebaki nyuma mimi na mama mmoja aliyeumia kifundo cha mguu, askari na wenzetu wamekwisha kuvuka kilele. Wanaume wawili tusiowajua walisimama juu yetu, hawasemi kitu, wanatutazama tu. Kisha tukasikia injini zikipanda kutoka upande wa Kona Baridi. Wale wanaume waliondoka kabla pikipiki ya kwanza haijafika. Waendeshaji walizima injini, wakavua helmeti, na mmoja wao, kijana wa umri wa mwanangu, akasema, "Shikamoo mama. Mko sawa?" Walimpakia yule mama na kumshusha polepole hadi getini.

Tangu siku ile siwezi kuisikiliza hoja ya kuwatimua watu fulani mlimani bila kuuliza swali moja: wakiondoka hao, nani atapita hapa saa ambayo wewe hupo? Usalama wa Ngong uliletwa na askari, ndiyo, lakini ulidumishwa na mchanganyiko wa wapitaji. Mtembeaji hupanda Jumamosi asubuhi. Mwendesha baiskeli anatoka kazini na kupanda jioni. Mchungaji yuko kila siku. Hakuna kundi moja linaloweza kuujaza mgongo wote kwa saa zote.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na umeme. Mitambo miwili ya kwanza ya upepo, msaada wa serikali ya Ubelgiji, ilisimamishwa mwaka 1993, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha kuonyesha watoto tu. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya KenGen ilizindua mitambo sita mipya ya megawati 5.1, na hadi mwaka 2015 uwezo ulikuwa umefika megawati 25.5. Panga moja la mtambo wa aina hiyo lina urefu wa mita 25 hivi. Kitu kirefu namna hiyo hakipandishwi mlimani bila barabara pana, na barabara ikishachongwa haichagui wa kuipita. Gari dogo lililokuwa likiishia mjini Ngong sasa liliweza kufika palipo na upepo. Familia zilikuja na watoto wa kubebwa, wazee waliofikiri hawatauona tena mlima waliuona. Walikuja pia wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, wasioridhika na barabara, waliotaka kujua gari lao linaweza kupanda nyasi zenye mwinuko kiasi gani.

Hao ndio walionitia uchungu kuliko wote, kwa sababu Kenya ina mfano mzuri wa mchezo huo. Shindano la Rhino Charge lilianza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia uzio msitu wa Aberdare, na uzio huo ulikamilika mwaka 2009. Magari hutafuta vituo 13 porini kwa muda wa saa kumi, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Mahali pa shindano hubadilika, kwa hiyo ardhi moja haibebi mzigo huo kila mwaka. Wanaopenda kupita pasipopitika wana namna ya kufanya hivyo kwa mpango na bila kuudhi wenyeji. Kuchimba nyasi za Ngong Jumapili baada ya mvua ni jambo jingine.

Niseme kidogo jinsi uharibifu unavyotokea, maana watu wengi wanaulaumu mguu wa jirani pasipo kuuangalia udongo. Udongo wa Ngong ukikauka ni mgumu, unavumilia. Ukilowa, unateleza na kung'oka. Gurudumu lenye meno likipita wakati huo hukwangua nyasi katika mstari mwembamba unaofuata mteremko. Mvua inayofuata inaukuta mstari huo, nayo haina haja ya kutafuta njia nyingine. Baada ya msimu mmoja ni mfereji wa kufika kwenye kifundo. Misimu miwili, magotini. Hapo watembeaji wanauhama mfereji na kukanyaga nyasi za kando, na kando ikigeuka matope wanahamia kando ya kando. Kuna mahali, ukishuka kilele cha tatu, palipokuwa na kijia kimoja na sasa pana vijia vinne sambamba. Pikipiki ilichimba kile cha kwanza. Vitatu vilivyobaki ni vya viatu. Maji ya upande ule huteremka kwenye vijito vya Kiserian na Mbagathi, na mfugaji wa chini ndiye anayeona rangi yake ikibadilika.

Kilichoniburudisha moyo ni kwamba waliolirekebisha eneo hilo walikuwa waendesha baiskeli. Vijana hao wanaijua njia kwa tumbo la gurudumu. Kila jiwe wanalikumbuka. Walikuja na majembe na sururu, wakapanga mawe kukatisha njia kwa mshazari. Nilidhani jiwe linawekwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mmoja alinieleza: "Ukiliweka moja kwa moja hivyo, mama, maji yanajikusanya nyuma yake kisha yanaliruka. Liinamishe kidogo, yatatoka yenyewe kwenda kwenye nyasi." Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akitazama alisogea, akalipiga jiwe teke, likayumba. Akawaambia, "Wanangu, ng'ombe wangu atalikanyaga hili na kuvunjika mguu, lizikeni zaidi." Wakalifukua, wakalizika hadi theluthi mbili. Mawe hayo yangalipo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wakazi wa kando ya misitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki kuisimamia, na sheria ya mwaka 2016 ikaendeleza hivyo. Ni jambo jema. Lakini utaratibu wa kupishana mgongoni haukutoka kwenye karatasi. Ulijengeka kwa watu kukutana mara nyingi mno hata wakafahamiana. Ng'ombe hupishwa na kila mtu. Baiskeli na pikipiki hupisha miguu. Anayeshuka humpisha anayepanda. Mwenye injini akiona mifugo, anazima injini, haingurumishi akingoja.

Mwaka 2020 utaratibu huo ulipata mtihani. Serikali ilipofunga mipaka ya eneo la Nairobi kwa sababu ya korona, kuanzia Aprili hadi Julai, mji wa Ngong ulikuwa ndani ya mpaka. Watu waliozoea kwenda Naivasha au Nanyuki waliutazama upya mlima ulio karibu, na mipaka ilipofunguliwa hawakuusahau. Wikendi nyingine sasa kuna foleni mwinukoni. Wageni wengi hawajaambiwa lolote kuhusu ng'ombe. Nimeona msichana akimkimbilia ndama ili apigwe picha naye, na mchungaji, mtoto wa miaka kumi hivi, akishindwa kusema neno mbele ya watu wazima wengi. Niliwaendea, nikamwomba dada yule asimame nami pembeni, nikamfundisha kusalimu. Alisalimu vizuri. Mtoto alicheka.

Ombi langu, ambalo nimelirudia kwenye kila mkutano wa getini, ni kwamba mgongo ufungwe kwa kila chenye injini wakati wa masika, na tena mvua za vuli zikishika. Barabara ya mitambo iwatoshe. Waendesha pikipiki wa zamani wengi wanakubali. Wapya wanauliza kwa nini ng'ombe wasifungiwe pia, na hapo ninakataa katakata: kwa yule mfugaji, nyasi zile ni chakula cha nyumba yake.

Kuna jambo jipya ambalo bado tunalijadili. Pikipiki za umeme zimeanza kupanda, hazina sauti. Watembeaji tulishangilia. Wachungaji hawakushangilia hata kidogo, kwa kuwa ng'ombe waliosikia injini kutoka mbali na kujitenga mapema sasa hushtuka kitu kikiwa kimewafikia, na kwenye mteremko wa magharibi ng'ombe aliyeshtuka hana pa kwenda. Wazee wamependekeza kila pikipiki ya umeme ifungwe kengele ya ng'ombe, sauti ambayo mifugo inaijua. Vijana watatu wamekwisha kuzifunga. Wengine wanasema zitakatika kwa mitikisiko, na wanatafuta namna ya kuzikaza kwenye usukani.