Mbwa wa Upande wa Kwari

Nikiwaambia vijana wa Kayole kwamba pale walipopanga vyumba tuliwahi kuwinda sungura, hucheka, na mmoja aliniuliza kama nilikuwa nikiishi Maasai Mara. Siwalaumu, maana wameikuta Eastlands ikiwa imejaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji ulikomea karibu na mlango wetu. Nyumba zetu za Umoja I, zilizojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani, zilikuwa za chini, kila moja na kiuwanja chake. Ukielekea mashariki ulianza kukanyaga udongo mweusi, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Mbele yake palikuwa na nyasi za kufika magotini, migunga mifupi na machimbo ya mawe tuliyoyaita kwari, hadi Njiru, na kutoka Njiru hadi Ruai. Sungura walijaa humo. Walikuwako pia kwale na nguchiro, na mara mojamoja mbweha aliyepotea njia.

Kando ya kwari moja aliishi mzee kutoka upande wa Machakos, mchonga mawe ya kujengea, katika chumba cha mabati. Kila mtu alimwita Mzee wa Kwari. Alifuga mbwa, na hakuwahi kuwa na chini ya wanne. Mtaa huu wetu, unaotaka kujua kabila la kila mtu, haukuwahi kujua kabila la mbwa wale. Walikuwa wembamba, wa rangi ya udongo, masikio yamesimama nusu, miguu mirefu. Hakuwanunua. Walizaliwa kwake, au aliletewa na ndugu zake wakitoka nyumbani.

Nilichokuja kukitambua baadaye sana ni jinsi umri wao ulivyopangika. Simba alikuwa mzee, mdomo umeshaingia mvi, meno ya mbele yamelika. Tina, jike, alikuwa katikati ya nguvu zake. Chui na Tom, ndugu wa tumbo moja, walikuwa vijana wa mwaka mmoja na kitu, wenye mbio nyingi na akili kidogo. Na kila wakati palikuwa na mtoto mmoja asiye na jina. Mzee hakuwa akimpa mbwa jina mpaka amwone porini. "Jina la bure ni la nini?" alikuwa akisema. Kwa hiyo tulimwita Kadogo tu, na Kadogo akikua akapewa jina, Kadogo mwingine alikuwa ameshazaliwa.

Sisi wavulana tulitaka kufundisha. Tulikuwa tumeona mbwa wa polisi kwenye maonyesho ya Jamhuri wakiruka vizingiti na kuketi kwa amri moja, nasi tukataka Kadogo aketi. Siku moja nikamwuliza: "Mzee, huyu tutaanza kumfundisha lini?" Akanitazama huku akifunga kiatu chake cha tairi. "Wewe kijana, unajua nini kuhusu sungura? Mwache Simba amfundishe."

Nami nilipoanza kuangalia vizuri, nikaona. Sungura akiinuliwa hakimbii moja kwa moja kutoka katika nchi yake. Anapiga kona, anazunguka, na mwishowe anarudi karibu na pale alipoanzia. Chui na Tom hawakulijua hilo. Walimfukuza kwa macho, wakifuata kila kona mpaka ndimi zikaning'inia. Tina alikimbia kwa pembeni kidogo. Simba hakukimbia kabisa. Alipanda kichuguu, akasimama, akageuza kichwa kumfuata sungura, kisha akashuka polepole kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Baada ya muda sungura alifika pale pale. Baada ya misimu miwili hivi ya kuona mambo hayo, Tom naye akaanza kukata kona. Chui hakujifunza kamwe, lakini mbio zake zilikuwa na faida, maana ndizo zilizomrudisha sungura kwa wenzake.

Mzee mwenyewe alifundisha mambo machache tu. Mbwa aje akisikia mluzi wa vidole. Aachilie alichoshika. Na asiguse mbuzi wala kuku wa mtu. Hili la mwisho lilikuwa zito, kwa sababu mwaka 1984, wa ule ukame mkubwa, mifugo ya Wamaasai ilisukumwa mpaka kwenye kingo za barabara za Nairobi, na mbwa mmoja tu akimrarua mbuzi, wote wangeuawa kwa mikuki siku hiyo hiyo. Somo lilikuwa fupi. Kadogo alifungwa kamba fupi karibu na mbuzi aliyezaa juzi. Mbuzi mwenye mtoto hana huruma. Akishapigwa pembe mara kadhaa, mbwa yule maisha yake yote akiona mbuzi aligeuza uso.

Katika malezi ndipo nilipomheshimu mzee zaidi. Kadogo hakuruhusiwa kukimbia siku nzima kabla ya kufikisha mwaka. Alitembea na wenzake mpaka kwari ya pili, kisha akatiwa ndani ya gunia, kichwa nje, na mmoja wetu akambeba. Tuliona ni kudekeza. Leo daktari yeyote wa mifugo atakwambia kwamba mifupa ya mbwa mchanga haijakomaa kwenye maungio, na ukimkimbiza mno mapema utamharibu. Chakula kilitolewa jioni, baada ya kurudi na kupumzika, kamwe si asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu mbwa akikimbia na tumbo limejaa linaweza kufura na kujipinda, akafa kabla ya usiku. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa unga wa grade ya chini na mapafu na matumbo kutoka kwa wachinjaji. Nyama yote ilichemshwa. Nyama mbichi ilikuwa na minyoo, na minyoo ya mbwa humrudia mwenye mbwa. Simba alipakuliwa kwanza, ugali wake umelainishwa kwa supu kwa ajili ya meno yale. Vijana walisubiri. Baridi ya Julai ilipoanza, ni yeye pekee aliyetandikiwa magunia mawili.

Kila Jumapili ilikuwa siku ya kupe. Tulikaa kivulini tukiwatoa mmoja mmoja, masikioni, kwapani, katikati ya vidole, tukiwatia kwenye kopo la mafuta taa. Mbwa akipoteza hamu ya chakula, fizi zikapauka na mkojo ukawa mweusi, mzee alijua ni homa ya kupe.

Sasa, lazima niseme, yote hayo yalikuwa kinyume cha sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria haikuuliza kama mnyama ni ndovu au ni sungura wa kitoweo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza adhabu. Sina ugomvi na marufuku hayo, kwani nchi ilikuwa ikimalizwa. Lakini huwa nakumbuka kwamba kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza mlowezi Jim Elkington alifuga karibu na Nairobi kundi zima la mbwa wa kizungu, akiwakimbizia mbweha akiwa juu ya farasi, na hilo likaitwa mchezo wa waungwana. Kwao huko, England na Wales, uwindaji wa namna hiyo ulikuja kukatazwa kwa sheria ya 2004. Kumwinda mnyama kwa mbwa kumekuwa mchezo au ujangili kutegemea nani anashika kamba.

Tulikuwa na rafiki wa Majengo, Pumwani, mtaa uliopimwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920, ambako mbwa haingii nyumbani mwa Mwislamu. Tulidhani babu yake angetufukuza na mbwa wetu. Badala yake alitoka nje, akaketi mbali nao kidogo, akauliza kama wanakuja wakiitwa na kama wanamla wanayemkamata. Ndipo akatueleza kwamba Kurani imeruhusu windo la mnyama aliyefunzwa, mradi amemkamatia bwana wake bila kujilia mwenyewe, na jina la Mungu limetajwa anapoachiliwa. Tangu siku hiyo mjukuu wake ndiye aliyepewa kazi ya kusema Bismillahi kabla ya mluzi. Mzee wa Kwari, Mkristo wa African Inland Church, hakuona tatizo.

Mwisho wa mambo haya haukuja kwa askari wa wanyamapori. Ulikuja kwa vigingi na kamba za wapima ardhi. Ploti za Kayole ziligawiwa, zikajengwa. Nyumba za Komarock zikafuata. Kwari zilizotoa mawe ya kujenga mji zikazungukwa na mji wenyewe, nyingine zikageuka madimbwi ya kuzamisha watoto. Kila mwaka tulitembea mbali zaidi kabla ya kuwafungua mbwa, na kila mwaka tulirudi na kidogo. Upande wa Dandora, jaa la taka lililoanza katika shimo la machimbo ya zamani lilizidi kupanda, nalo likavuta mbwa wake wenyewe, makundi makubwa yasiyo na mwenyewe. Tina alipotaka dume, wao ndio waliokuja usiku.

Sijui kama ni wao walioleta ule ugonjwa. Watoto wote wa Tina wa uzao huo walianza kutapika na kuhara damu, wakaisha ndani ya siku chache. Tulibeba mmoja kwenye sanduku la kadibodi hadi Kabete, kwenye zahanati ya mifugo ya Chuo Kikuu, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno pavo. Ulikuwa ugonjwa mpya duniani, uliotambuliwa mwaka 1978 tu, ukasambaa mabara yote kwa muda mfupi. Tukaambiwa virusi vyake hukaa mwaka mzima kwenye udongo. Mzee aliposikia hayo alinyamaza, kisha akahamisha kibanda. Lakini hakuzalisha tena. Simba alikufa kwa uzee. Tom akachukuliwa na mwenye gereji kulinda vyuma vya magari. Chui alikula sumu iliyotegwa usiku, na hatukujua aliyeitega ni nani. Mzee akarudi kwao Machakos akiwa na Tina pekee.

Miaka ya 1990 mbwa walirudi Eastlands, lakini mbwa wengine na kwa kazi nyingine. Ujambazi ulikuwa umezidi. Kila geti la Buruburu na Donholm likaandikwa "Mbwa Kali", hata kwenye nyumba zisizo na mbwa. Aliyependwa ni German Shepherd, au chotara wake. Alinunuliwa akiwa na wiki sita, akafungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, akafunguliwa usiku. Hakukua na mbwa mwingine. Hakuona mbwa mzee akifanya jambo lolote. Alijifunza kubweka, na alibweka kwa jirani, kwa muuza maziwa na kwa paka kwa kiasi kile kile. Baadaye yakaja magorofa, mabomba mawili ya maji kwa wapangaji hamsini, na mwenye mbwa akawa adui wa ploti nzima. Siku hizi naona Japanese Spitz weupe wakishushwa ngazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

Mpwa wangu anafuga mbwa huko Kamulu, mbele ya Ruai, ambako bado kuna nafasi. Ana Malinois wawili, Boerboel mmoja na jike mzee wa kienyeji aliyeachwa na mpangaji. Anafundisha mbwa wa watu kwa malipo, na kazi yake ni safi. Kila mbwa ana daftari la chanjo, na Septemba huwapeleka wote kwenye chanjo ya kichaa. Tangu 2014 serikali ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huo kufikia 2030 kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na yeye huusemea kama mtume.

Tulikosana kwa ajili ya mtoto wa Malinois. Alikuwa na wiki tisa, na mpwa wangu alikuwa amemtenga peke yake mpaka amalize chanjo, kwenye wiki ya kumi na sita. "Mjomba, pavo haina mchezo," aliniambia. Nikamjibu kwamba pavo naijua kabla hajazaliwa, lakini wiki hizo anazomfungia ndizo mtoto anazopaswa kuwa akijifunza ubwa. Akaleta kitabu. Nikamletea Simba. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Yule jike mzee hatoki nje ya ua, chanjo zake zimekamilika, hana kupe wala minyoo. Akaingizwa kwa mtoto. Siku ya kwanza alimngurumia akamlaza chali. Siku ya tatu, mpwa wangu alipiga mluzi kumwita jike, na mtoto, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha mluzi, akaja nyuma yake. Kijana akanitazama, kisha akaenda kuandika kwenye daftari.