Jumba la barafu linalotandikwa nyasi

Mwezi huu tunawapeleka Marekani na Kanada, walikohamia baadhi ya jirani zetu.

Mama mmoja alituuliza: "Walimu, huko kwenye baridi mtoto wangu atacheza mpira wapi?" Basi tukatafuta.

Miji mingi kule ina jumba la barafu. Sakafu ni ya zege, ndani yake yamepita mabomba ya kugandisha, na barafu yenyewe ina unene wa sentimita 3 hivi. Tulipima na wanafunzi hapa uwanjani: mita 61 kwa 26. Walishangaa, eti ni padogo!

Joto likija, kugandisha kunakula umeme mwingi na wachezaji ni wachache. Kwa hiyo baadhi ya majumba huzima mitambo, barafu inayeyuka, halafu wanatandika nyasi za bandia kama mikeka. Soka inaanza. Ukuta wa pembeni unabaki, mpira ukigonga unarudi, mchezo hausimami.

Mama, hatukufichi: baridi ikirudi, nyasi zinakunjwa. Palipo na majumba mawili, moja linaweza kubaki na nyasi mwaka mzima. Ukifika, uliza.

Na usikate tamaa. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya Lewiston, jimbo la Maine, ilichukua ubingwa wa soka wa jimbo. Wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, wengine waliotoka kambi za Kenya. Walianzia kwenye vumbi kama letu.

Tuonane mwezi ujao.