Mpako wa Chuma

Fundi wa majiko ya umeme katika mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, hupima mipako ya chuma kama hakimu apimavyo mashahidi. Mpako hutakiwa kazi mbili: ustahimili moto, tena uzuie umeme. Vitu vingi huiweza moja, vikashindwa na ya pili.

Rangi ya mafuta huzuia umeme chuma kikiwa baridi. Moto ukizidi huungua, na makaa yake yaweza kuupitisha. Madini ya kinywe, yaliyopata kuchimbwa Mirerani, kusini-mashariki ya mji, hayaogopi moto wa jiko. Walakini hupitisha umeme upesi. Enameli, ambayo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, hufaa zaidi. Lakini ikigongwa hupasuka, na kioo kikipata moto mkali nguvu yake ya kuzuia umeme hupungua. Ulanga, uliochimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za Wajerumani, huziweza kazi zote mbili. Ila hukatwa vipande ukatiwa kati ya chuma na waya, haupakwi kwa burashi.

Basi fundi mwema hapimi jiko likiwa baridi. Hulipasha moto mpaka ukomo wake, ndipo apime. Kisha huunga waya wa ardhi, ili mpako ukisaliti, umeme ushuke chini usimpitie mpishi. Mkono wa mpishi hauoni ufa mdogo. Heshima ya fundi ni kuuona kabla yake.